Duara Chini ya Bawa

Meza? Meza ilikuwepo, tena meza ya maana, ya mbao nzito, watu wanane wanakaa bila kugongana viwiko. Ila hakuna aliyekula juu yake, ndiyo maana ungeingia nyumba ile saa ya chakula ungemkuta kila mtu na sahani yake magotini, mmoja kwenye kochi, mwingine kwenye kigoda cha jikoni, mwingine kajiegemeza mlangoni kama anasubiri basi. Meza ilikuwa imekaliwa na ndege.

Sio ndege wa mayai. Ndege ya mabomu, ya vita vile vikubwa, ila ndogo, ya plastiki, ya kuunga kipande kwa kipande. Ukiweka mikono miwili imeenea. Sasa utashangaa, ndege ya kuenea mikono miwili inamalizaje meza ya watu wanane. Ngoja uone vichupa vya rangi, gundi, misasa, vibano, magazeti ya kuzuia rangi isidondoke, na picha zimetandazwa kila pembe zimekandamizwa na vikombe. Gusa kikombe kimoja uone moto.

Mwenyewe alikuwa fundi saa, yule wa kibanda cha kioo karibu na posta. Mchana kutwa anachungulia matumbo ya saa za watu, jioni anarudi nyumbani kuchungulia tumbo la ndege. Mkewe alikuwa akisema afadhali angeolewa na mlevi, maana mlevi angalau hahitaji meza. Lakini alisema hivyo huku akimwekea chai karibu, mbali na rangi, kwa sababu siku moja fundi alishachovya brashi kwenye chai na kunywa kwenye kichupa.

Basi fundi hakutaka ndege kama ya kila mtu. Kwenye boksi ilichorwa na alama za adui aliyeiunda. Yeye akataka ile iliyotekwa. Maana vitani, ukimnyang'anya mwenzako ndege ingali nzima, huitupi. Unafuta alama zake, unapaka zako, unairusha mwenyewe. Upande wa kwao walikuwa wanapaka duara. Haya, duara lenyewe walipaka wapi? Mkiani tu, au na ubavuni? Kwa brashi au kwa bomba la kupulizia? Alama ya adui ilifunikwa yote, au ilikuwa inachungulia kama shimizi chini ya gauni? Hayo ndiyo yaliyomnyima raha fundi wa watu. Wengine wanakosa raha kwa sababu ya kodi ya nyumba.

Alikuwa na mwenzake wa maradhi hayo hayo, daktari wa meno. Huyu ndiye aliyekuwa na picha. Aliikata kwenye gazeti la zamani, ndege yenyewe imeegeshwa nyasini, jogoo kachorwa puani. Jogoo huyo walimchora maadui, na waliomteka wakamwacha, nadhani walimpenda. Chini ya bawa la kushoto duara linaonekana wazi. Watu waliosimama pale chini gazeti liliwafunika kwa maandishi, yamebaki mabuti tu. Na kwenye bawa kulikuwa na madoa meusi ya pembe nne. Daktari alisema ni matope yaliyorushwa na matairi, akaapa, na mtu akishaapa huku kashika koleo ya kung'olea meno humbishii. Fundi akamchora jogoo puani, akapaka duara chini ya mabawa, la kushoto na la kulia, akasugua, akapaka tena mpaka likakaa.

Nyumbani hapo alikuwa amehamia baba mkwe wake. Mzee mpole, mrefu, mguu mmoja ulikuwa umefanyiwa upasuaji, binti yake akasema haiwezekani akae peke yake kwenye nyumba yake ya ngazi. Akapewa chumba cha mbele. Tatizo likawa meza. Fundi aliona mzee akipita sebuleni anapita upande wa ukutani, uso kaugeuza, hata kutazama meza hataki. Akajisemea, hapa nimeharibu. Mkwe kaja kwangu, nampa chakula magotini kama mtoto, na mguu wenyewe mbovu. Akamwambia mkewe ataondoa ndege. Mkewe akamwuliza lini. Akasema ikiisha. Mkewe akacheka, kicheko kile cha puani.

Alasiri moja ya Jumapili fundi yuko mezani, lenzi jichoni, anamalizia ukingo wa duara la kushoto, akasikia fimbo ya mzee imesimama nyuma yake. Haikupita. Imesimama.

"Hapo chini hapakuwa na kitu," mzee akasema.

Fundi alidhani anazungumzia gazeti, au sakafu. Akainua brashi, akauliza wapi, baba. Mzee akaonyesha kwa fimbo, chini ya bawa pale pale kwenye duara bichi.

Basi ndipo mzee akakaa, akasema. Binti yake alitoka jikoni na sufuria mkononi, akasimama nayo mpaka mwisho, sijui hata kama aliisikia inavyounguza. Mzee alikuwa kijana wa mzinga, mizinga ile ya kutungulia ndege, walikuwa wanalinda daraja. Waliambiwa vizuri kabisa: ndege zetu zina duara chini. Ikija isiyo na duara, piga. Siku hiyo mawingu yako chini, ndege ikatokea kwa ghafla, umbo la adui kabisa, imeshuka mpaka akamwona jogoo puani. Yeye ndiye aliyekuwa na mguu kwenye kifyatulio. Akapiga. Bawa la kushoto likatoa moshi, ndege ikayumba ikazama nyuma ya kilima. Wenzake wakampiga mgongoni kwa furaha. Furaha yenyewe haikukaa. Ofisa akaja mbio, kofia mkononi, akawaambia ile ndege ni yetu, tumeiteka juzi, ndani mlikuwa na vijana wetu wanne.

Siku hiyo hiyo wakahamishwa kituo, wakaambiwa wafunge midomo. Mzee akaufunga wake. Hata marehemu mkewe hakuambiwa. Na kuuliza hakuuliza popote, maana aliogopa akiuliza ataambiwa. Amekaa hivyo, kaoa, kazaa, kazeeka, na vijana wanne nyuma ya kilima. Kisha anakuja kwa mkwewe kupumzisha mguu, anamkuta yule jogoo mezani.

"Umeipaka vizuri, mkwe wangu," akasema. "Lakini mimi nilitazama kwanza. Kabla sijakanyaga, nilitazama pale chini. Hapakuwa na duara."

Akainuka, akaenda chumbani, upande ule ule wa ukutani.

Nakwambia chakula cha siku hiyo kililala. Mkewe fundi alikaa kwenye kigoda cha jikoni, akasema anataka kujua na hataki kujua. Fundi akasema na yeye hivyo hivyo. Ile ndege ilimkaa kooni. Alitaka kuifunga kwenye boksi airudishe dukani, lakini mkewe akamwambia haiwezekani sasa, baba ameshasema, huwezi kuyarudisha maneno kwenye boksi.

Kesho yake fundi akaenda kwa daktari wa meno, akamweleza. Daktari hakuwa mtu mbaya, ila mdomo wake hauna breki, labda kwa kuwa anaongea na watu wasioweza kujibu. Akasema mzee anakosea. Picha hii hapa, duara hili hapa. Mtu aliyefyatua, akasema, lazima akumbuke kuwa hapakuwa na kitu, la sivyo atalalaje. Fundi akamwuliza, wewe ulikuwepo? Daktari akasema hapana, lakini kamera ilikuwepo. Wakaachana bila kuagana vizuri, na fundi akarudi kibandani, moyo mzito, kwa sababu alimwona daktari kama ana haki. Kama duara lilikuwepo, basi mzee hakutazama vizuri.

Akaketi akafungua saa ya mteja ili atulize mikono. Ilikuwa saa ya zamani, imepita kwa mafundi wengi. Sasa mafundi saa wana mtindo wao: ukitengeneza saa ya mtu, unakwaruza alama yako kwa ndani ya kifuniko, ndogo, mteja haioni, ila fundi mwenzako ataiona. Ndani ya kifuniko kile alikuta mikwaruzo ya watu na watu, na juu ya mmojawapo mtu alikuja kuziba ufa kwa risasi ya kuyeyusha, ile ya kuunganishia vyuma, ikaifunika alama nusu. Fundi akasema peke yake, huyu alikwaruza kwanza, huyu akaja kuziba baadaye. Akataka kuendelea na kazi. Mkono ukagoma.

Akafikiri. Mzee anasema hapakuwa na duara. Picha inasema lipo. Na kama wote wawili hawasemi uongo? Kama mzee alipoipiga lilikuwa halijapakwa, na picha ikapigwa baadaye? Lakini ndege iliyoangukia nyuma ya kilima inapakwaje rangi baadaye?

Hakukumbuka hata kufunga mlango. Mwenye duka la jirani ndiye aliyemfungia kibanda.

Alimkuta daktari kazini, koleo mkononi, mgonjwa kapanua kinywa. Fundi akasema anataka picha, sasa hivi. Daktari akasema angoje jino litoke. Fundi akasema jino halina pa kwenda. Mgonjwa naye, heri ya kupumzika, akatikisa kichwa kukubali. Picha ikaletwa, ikawekwa chini ya taa ile kali ya kutazamia meno, fundi akaweka lenzi jichoni, akainama.

Akaisogeza picha huku na huku mpaka daktari akaanza kukohoa. Kisha fundi akavua lenzi akampa.

"Tazama hapo matope yako yanapokutana na duara. Kipi kiko juu?"

Daktari akatazama. Mstari wa duara ulikuwa unapita juu ya lile doa la pembe nne, bila kukatika, mweupe, safi. Doa lilikuwa chini ya rangi. Ukingo wake ulionekana umevimba kidogo, na vidoti vya misumari pembeni.

"Hakuna mtu anayepaka rangi juu ya matope," daktari akasema polepole. "Hiki ni kiraka."

"Viraka," fundi akasema. "Safu nzima. Bawa la kushoto."

Mgonjwa akaomba kutazama na yeye, pamba mdomoni, akatazama, akasema kitu ambacho hakuna aliyekielewa ila kilisikika kama cha kukubali. Yaani ndege ilipigwa, ikazibwa viraka, na ndipo wakajua kosa lao wakapaka duara chini, juu ya viraka. Mzee alitazama vizuri. Na ile ndege haikufia nyuma ya kilima. Ilirudi.

Fundi alitaka kukimbilia nyumbani, lakini aliyemzuia ni mkewe, alipompigia simu kutoka kwa daktari. Alisikia yote. Kisha akasema, ndege imerudi, na watu je? Bawa linazibwa kiraka, mtu hazibwi. "Usimpe baba yangu nusu," akasema. "Nusu anayo tayari."

Kwa hiyo Jumamosi wakaenda makumbusho ya jeshi, fundi na daktari, maana daktari alisema hawezi kukaa nyumbani na aibu ya matope. Ni jengo kubwa la zamani, linanuka dawa ya sakafu, viatu vyako vinakupigia kelele kila hatua. Mtunza picha alikuwa mama mmoja wa makamo, miwani inaning'inia kifuani kwa uzi. Wakamwambia wanatafuta ndege ya adui iliyotekwa, yenye jogoo puani. Yule mama akashusha pumzi kama mtu aliyeulizwa habari za shemeji msumbufu. Akavaa glovu, akavuta droo, akawatolea picha kubwa, ile ile, ila haina maandishi.

Yale mabuti sasa yalikuwa na wenyewe. Vijana wanne chini ya bawa. Mmoja mkono umefungwa shingoni kwa kitambaa, na kwa ule mwingine anaonyesha kiraka, kinywa wazi, anacheka.

Fundi akauliza kama hawa ndio waliokuwemo siku ile ilipopigwa, au ni wengine waliokuja kupiga picha tu.

"Ni wao," yule mama akasema. "Mmoja tunamjua kuliko tunavyotaka. Picha kaileta mwenyewe. Kila akija anasimama hapo kwenye kioo, anawakamata wageni, anawasimulia alivyotunguliwa na watu wake. Sisi tukimwona getini tunajificha."

Wakamwuliza, wote wanne walipona? Akasema wote. Walitua kwenye shamba la maharage. Rubani alijing'ata ulimi. Na yule wa mkono, ndiye huyo huyo msimulizi, risasi haikumgusa: aliruka juu ya bawa kushangilia kuwa mzima, akateleza, akaanguka, mkono ukavunjika.

Fundi akakaa. Alikalia kiti cha maonyesho, chenye kibao cha kukataza kisikaliwe, na yule mama akamtazama usoni, akamwacha. Daktari wa meno alikuwa amegeukia dirisha, anafuta miwani yake kwa tai.

Nyumbani aliyemwambia mzee ni binti yake, fundi alisimama kando. Mzee alisikiliza, macho kwenye fimbo. Alipoambiwa ya viraka na duara lililopakwa juu yake, akatikisa kichwa mara nyingi, kama mtu anayesikia jina la kijiji chake. Kisha akauliza neno moja.

"Wote?"

"Wote, baba."

"Na aliyeshika usukani?"

"Alijing'ata ulimi."

Mzee akainuka, akatoka uani, akafungua bomba, akanawa uso. Akanawa, akanawa, maji yanachuruzika mpaka kwenye kola, na binti yake alitaka kwenda kumzuia, fundi akamshika mkono. Aliporudi hakupita upande wa ukutani. Alikuja mezani moja kwa moja, akavuta kiti, akaomba aishike ile ndege. Akaigeuza tumbo juu. Akasema, haya mkwe, weka viraka vyako.

Fundi akasugua lile duara kwa msasa, alilolihangaikia vile, akakata viraka vya karatasi nyembamba, akabandika, akapaka duara upya juu yake. Mzee ndiye aliyekuwa akimshikia taa.

Yule msimulizi wa makumbusho akaitwa kwa chakula Jumapili. Mzee mwenyewe alitaka. Alisema ana neno la kumwambia, na aliliandaa wiki nzima, anasikika chumbani akilijaribu. Jumapili meza ikafutwa, vichupa vikaondoka, magazeti yakaondoka, ikabaki ndege peke yake katikati na sahani zimeizunguka. Daktari alikuja na mkewe. Saa ya chakula ikafika, mgeni hakuna. Sufuria zikafunikwa. Zikafunuliwa, zikafunikwa tena. Kila mtu amesimama, hakuna wa kukaa maana mzee hakai. Mzee yuko dirishani kavaa koti, vifungo vyote kafunga, jasho linamtoka.

Ilikuja kujulikana kwamba mgeni alipotea njia, akaenda mtaa wa pili, akagonga nyumba za watu. Na vitani kazi yake ndani ya ndege ilikuwa kusoma ramani.

Alipoingia alijaza mlango, mzee mnene, mcheshi, anahema, anaomba radhi kwa wote kwa mpigo mmoja. Mzee wa nyumba akamwendea na fimbo yake. Lile neno aliloliandaa wiki nzima likamkimbia. Mwisho akasema tu, "Ni mimi."

Mgeni akamtazama, kutoka viatu mpaka nywele.

"Wewe?" akasema. "Wewe ndiye wa darajani?" Akamshika mabega yote mawili. "Bwana, una shabaha mbovu sana wewe. Nakushukuru mpaka leo."

Mzee alianza kucheka, kicheko kikageuka kikawa kingine, kikarudi tena kicheko, na yule mnene hakumwachia mabega mpaka kilipotulia. Binti wa mzee akaingia jikoni kutazama sufuria ambazo hazikuwa na haja ya kutazamwa.

Wakasogea mezani. Mgeni akamwona jogoo, akapiga kelele ya furaha, akainyanyua ndege, akaigeuza, akahesabu viraka kwa kidole. Uso wake ukakunjana kidogo. Akamwambia fundi kazi ni nzuri, nzuri mno, ila hiki kiraka cha mwisho kiko mbele sana. Chenyewe kilikuwa nyuma zaidi. Anakijua, akasema, maana tundu lake aliliona kutoka kwenye kiti chake.

Fundi akaishika ndege. Akaitazama. Jicho likaanza kumwenda kabatini, kwenye msasa. Daktari naye akasogea, akasema kweli bwana, kwenye picha kiko nyuma, hebu leta lenzi.

Mkewe fundi akatokea na bakuli kubwa la mchuzi, mvuke unapanda, akaichukua ndege mkononi mwa mumewe kwa mkono mmoja, akampa mzee, mzee akaiweka juu ya kabati, mbali. Bakuli likatua pale pale katikati, pahali pa ndege.

"Atakayetaja kiraka kabla hatujala," akasema, "atakula amesimama."

Basi viti vikavutwa, mzee akafungua vifungo vya koti, akakaa, mgeni kando yake, kiwiko kwa kiwiko, na wengine wote wakakaa.